Binti Yangu, Sarakasi na Vyuma vya Meno



 Mimi si daktari wala si mwalimu wa dini. Ni mama tu, na nataka kuwasimulia yaliyotupata nyumbani kwetu hapa Tororo. Huenda yakamfaa mzazi mwingine, in shaa Allah.

Binti yangu ana miaka 13 na anapenda jimnastiki kuliko chakula. Alianza akiwa darasa la tatu, pale kijana mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyewahi kucheza sarakasi Nairobi, alipoanza kuwafundisha watoto baada ya masomo. Vifaa vyenyewe ni magodoro ya zamani na uwanja wa nyasi, na ule mwamba wetu wa Tororo ukiwatazama kwa mbali. Lakini watoto wanajifunza. Wanasimama kwa mikono, wanapinduka mbele na nyuma, wanapandiana mabegani.

Yeye huvaa suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na hijabu ya kubana. Mwanzoni wenzake walimcheka. Siku moja akachukua simu yangu, akawaonyesha picha za wasichana wa Ujerumani katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, wamevaa mavazi yaliyofunika miguu mpaka kifundoni. Akawaambia, "Hawa wanaruka kuliko nyinyi." Maneno yakaisha. Ndiyo maana sikutegemea kwamba mtoto huyu angekuja kushindwa na aibu.

Alipofika miaka 12 tuliona meno yake ya juu yanakwenda vibaya. Jino la chonge la kushoto halikuota kabisa. La kulia lilitoka limepinda, lina vishimo na rangi ya kahawia. Meno ya jirani yakaanza kusogea kujaza pengo, na akiuma, upande mmoja haukutani. Tukapanda basi kwenda Kampala kwa daktari wa kupanga meno, safari ya zaidi ya kilomita 200. Daktari akampiga picha ya taya, akaitazama, kisha akamwomba binti yangu asubiri nje. Akaniuliza, "Mama, mtoto huyu alichimbwa meno alipokuwa mchanga?"

Ndugu zangu, nilinyamaza. Kisha nikasema ndiyo.

Wengi wenu mnajua ninachosema. Huku Uganda wengi huyaita ebinyo. Ndugu zetu wa Tanzania husema meno ya plastiki au meno ya nailoni. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, hanyonyi. Mtu anamfunua kinywa, anaona ufizi umevimba na una weupe pale chonge za utotoni zinapojiandaa kuota, anasema, "Ugonjwa ni huo, yatolewe." Binti yangu alikuwa na miezi saba. Alikuwa ameharisha siku tatu. Majirani walisema, mama mkwe akasema, na mimi ndiye niliyembeba mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Bila ganzi. Mimi ndiye niliyemshika mikono.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba ule uvimbe ni jino la kawaida linalokua, na kwamba kuharisha na homa ni ugonjwa mwingine unaotibiwa hospitali. Chini ya chonge ya utotoni kuna mbegu ya jino la ukubwani. Anayechimba anaweza kuitoa au kuijeruhi mbegu hiyo, na hasara haionekani mpaka miaka mingi baadaye. Wapo watoto waliopoteza damu nyingi, wapo waliopata maambukizi na pepopunda, wapo waliofariki. Wangu alisalimika, alhamdulillah. Kilichotakiwa sasa ni vyuma vya kunyoosha meno kwa miaka isiyopungua miwili, virudishe meno mahali pake na kufungua nafasi ya jino bandia atakapokuwa mtu mzima.

Tulirudi nyumbani na hesabu nzito. Fedha zilizokuwapo ni za mabati ya nyumba. Baba yake akasema mabati yatasubiri. Lakini Bibi, yaani mama mkwe wangu, akatoa hoja nyingine. Alisema kubadilisha meno ni kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu, na kwamba amesikia wanawake wanaotengeneza meno wamelaaniwa. Hakusema kwa ubaya. Alimwogopea mjukuu wake.

Nilikwenda kwa shekhe wetu. Alinieleza kwamba hadithi anayoitaja Bibi ipo, imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud, na inawahusu wanaotia mwanya kati ya meno kwa ajili ya urembo. Kutibu kasoro au madhara ni jambo jingine. Akanikumbusha kisa cha Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Aliweka pua ya fedha, ikatoa harufu, naye Mtume (S.A.W.) akamwelekeza aweke ya dhahabu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Umbile la mtoto huyu lilibadilishwa lini, sasa hivi au alipokuwa na miezi saba?" Sikuwa na jibu. Nilipotaka kuondoka akaongeza, "Na yeye mwenyewe anajua?" Nilisema bado ni mdogo.

Basi vyuma vikawekwa. Siku nne za kwanza zilikuwa ngumu. Alikunywa uji wa wimbi, akala matoke ya kupondwa, akalala mapema. Maumivu yalipoisha nikadhani tumevuka. Kumbe shida ndiyo ilikuwa inaanza. Aliacha kucheka. Akiongea anafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Shuleni walimwita "geti". Mimi, nikitaka kumliwaza, kila siku nilimwambia, "Vumilia mama, utapendeza sana." Jioni moja akanitazama akasema, "Kwa hiyo sasa hivi sipendezi?"

Wazazi, tuangalie maneno yetu. Nilidhani nampa matumaini, kumbe nilikuwa namwambia kila siku kwamba ana kasoro.

Kisha akaanguka. Mwalimu wake alinisimulia. Watoto wa shule nyingine walikuja kutazama mazoezi. Zamu yake ilipofika alikimbia vizuri, lakini mmoja alipocheka, mkono wake ukainuka kufunika mdomo. Akashuka kwa mkono mmoja. Mdomo uligonga godoro, vyuma vikauchana kwa ndani, akarudi nyumbani na damu kwenye hijabu. Mwalimu alimwambia neno moja tu: "Mikono yote miwili ni ya chini. Ukiona huna mikono ya kutosha, kaa kwanza." Akakaa. Wiki tatu hakwenda uwanjani.

Katika wiki hizo nilitambua kwamba ninamficha jambo ambalo ni lake. Alikuwa anadhani amezaliwa hivyo, au kwamba ni kwa sababu ya kutopiga mswaki vizuri. Aliona aibu kwa kosa ambalo si lake, na mwenye kosa nilikuwa ninamtazama tu. Usiku mmoja baada ya Isha nilimwita chumbani nikamweleza yote: kuharisha, majirani, yule mama, ile spoku. Sikumtaja Bibi kama mkosaji. Nilisema, "Mimi ndiye niliyekubali. Sikujua, lakini mimi ndiye."

Alinyamaza. Kisha akauliza, "Nililia?"

Nikamwambia, "Ulilia sana."

"Na wewe?"

"Nililia pia. Lakini nilikushika mikono ili usisogee."

Siku mbili hakunisemesha. Sikumlazimisha, kwa sababu hasira ile ilikuwa haki yake. Siku ya tatu alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Basi hivi si vya urembo. Ni vya kurudisha." Nikasema ndiyo, ni vya kurudisha. Bibi alikuwa mlangoni, akasikia. Sikumbuki kama alisema kitu, lakini tangu siku hiyo yeye ndiye humpondea viazi.

Baada ya hapo alirudi uwanjani. Sisemi aibu ilikwisha siku moja. Lakini alirudi, na mikono yake yote miwili inakwenda chini.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa michezo anayewekwa vyuma, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Mwelezeni mtoto vyuma vinafanya nini. Vinasukuma jino polepole. Upande linakoelekea mfupa huondolewa polepole, upande linakotoka mfupa mpya hujengeka. Ndiyo maana kazi ni ya miezi mingi na haiharakishwi. Mtoto anayejua sababu huvumilia zaidi.

2. Maumivu ni ya siku chache za mwanzo, na kidogo kila vyuma vinapokazwa. Vyakula laini husaidia. Maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo hutuliza vidonda vya kinywa. Daktari hutoa nta ya kubandika pale waya unapochoma mdomo.

3. Miwa, mahindi ya kuchoma, karanga ngumu, peremende na ubani wa kutafuna viwekwe kando. Binti yangu alilia kwa ajili ya mahindi kuliko kwa ajili ya vyuma. Sasa tunayachemsha na kuyapukuchua.

4. Mtoto wa jimnastiki anahitaji kinga ya meno. Watu hudhani ni ya mabondia tu, lakini chama cha madaktari wa meno cha Marekani huitaja jimnastiki pia miongoni mwa michezo inayohitaji kinga. Mwambieni daktari kwamba mtoto ana vyuma, kwa sababu ile ya kuchemsha na kuuma inaweza kunasa kwenye waya na kuzuia meno kusogea. Ipo ya watu wenye vyuma.

5. Usafi ni kila baada ya chakula. Mabaki yakikaa kwenye waya, meno huoza chini ya vyuma. Wakati wa udhu asukutue vizuri maji yapite kati ya meno. Shekhe alituambia hatakiwi kuvitoa.

6. Mwezi wa Ramadhani, tende ziondolewe kokwa na kulowekwa, na asipige mswaki juu juu tu baada ya daku. Dawa ya maumivu, kama ipo, anywe futari na daku kwa ushauri wa daktari.

7. Msimwambie atapendeza. Mwambieni yuko sawa, na kwamba anatibiwa.

Nimalizie na jambo moja lililotokea mwezi uliopita. Jirani yetu, mama kijana, alipita nyumbani na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani. Alikuwa anakwenda kwa mtu kuchimbisha meno, na alisimama kwetu tu kuazima mwavuli. Mimi nilianza kutafuta maneno. Binti yangu alitangulia. Alimwendea, akaondoa mtandio, akafungua mdomo wazi, vyuma vyote na pengo. Akasema, "Dada, nilifanyiwa hivyo. Tazama."

Yule mama alitazama kwa muda mrefu. Kisha tukafuatana naye mpaka hospitali. Mtoto alipewa maji ya chumvichumvi na dawa ya zinki, akapona, alhamdulillah. Meno yake mawili ya chini yameota sasa, na chonge zitaota kwa wakati wake.

Binti yangu bado ana mwaka mmoja na miezi ya vyuma. Siku nyingine hufunika mdomo, siku nyingine husahau. Mimi nimemwomba msamaha, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe. Kwenu nyinyi wazazi wenzangu naomba jambo dogo: mtoto mchanga akiharisha, mpelekeni hospitali, mpeni maji, msimfunue ufizi kutafuta mchawi. Na kama mlishafanya kama nilivyofanya mimi, msiwaache watoto wenu wabebe aibu ambayo ni yenu. Waambieni.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu na atupe elimu yenye manufaa. Amin.

 

Mama mzazi, Tororo