Chumvi, Majivu na Matofali

Koa wa kwanza nilimkanyaga kwa mguu mtupu. Ilikuwa usiku, mtoto wa mwisho anataka maji, nami nikashuka kitandani gizani kwa sababu taa ya sola haikupata jua siku tatu. Nikahisi kitu baridi, laini, kama ndizi iliyooza, kikapasuka chini ya kisigino. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama ni nyoka.

Hakuwa nyoka. Alikuwa mdudu mweusi, urefu wa kidole changu cha mwisho, hana mguu, hana gamba. Kwetu Fizi tuliwaita wote konokono tu, mwenye gamba na asiye nalo. Jina la koa nimelijua hapa Tanzania. Binti yangu wa miaka minane alipomwona asubuhi alisema, "Huyu ni konokono aliyekimbia, ameacha nyumba yake." Sisi wakubwa tukacheka. Halafu tukanyamaza kidogo, kila mtu akashika kazi yake.

Ule mguu niliunawa kwa maji na sabuni, ndiyo kwanza ute ukazidi kunata. Mama yangu ndiye aliyenifundisha: usianze na maji. Sugua kwanza kwa majivu makavu ao kitambaa kikavu, ute utoke, ndipo unawe. Naliandika hili mapema ili atakayekanyaga wa kwake leo usiku asiteseke kama mimi.

Anayeishi Nyarugusu anazijua mvua zetu. Zikishaanza, udongo mwekundu haukauki tena mpaka karibu mwezi wa tano. Nyumba zetu ni za matofali mabichi, sakafu ni udongo, na ukuta unakunywa maji kutoka chini kama utambi unavyokunywa mafuta. Koa anapenda hivyo. Mwili wake sehemu kubwa ni maji, na hana gamba la kujifichia jua, kwa hiyo mchana analala penye giza na unyevu, usiku anatoka kutafuta chakula. Na kwa kuwa hana mfupa hata mmoja, tundu lisilopitisha kidole cha mtoto yeye anapita bila shida.

Usiku uliofuata niliamka saa nane, taa mkononi. Nikahesabu 17. Watatu kwenye mfuko wa unga, mmoja ndani ya sufuria, wengine ukutani juu ya vichwa vya watoto. Njia zao za ute ziling'aa kila upande. Mmoja alikuwa kwenye mto, karibu na mdomo wa mwanangu mdogo. Hapo nikajua hii si kazi ya kucheka tena.

Nilianza na chumvi, kama kila mtu. Chumvi inamvuta koa maji yote mwilini, anatoa povu, anakufa. Nilimwaga mlangoni, nikamwaga kando ya kuta zote nne, na yeyote niliyemkuta nilimnyunyizia. Siku ya tisa Mama aliinua kopo la chumvi, akalitikisa karibu na sikio, akaniangalia.

"Unapikia nani, sisi ao bale badudu?"

Sikuwa na jibu. Anayepokea mgao anajua kwamba chumvi ndiyo kidogo kuliko vyote kwenye mfuko, na mwezi ni mrefu. Ile ya mwezi mzima ilikuwa imebaki chini ya nusu. Tukaanza kuibana, na siku sita za mwisho wa mwezi tukala maharage yasiyo na chumvi kabisa, watoto wakayasukuma pembeni ya sahani. Na kitanda changu cha lengalenga nyuma ya ukuta kikageuka manjano, maana mvua ilisukuma chumvi mpaka kwenye mizizi. Makoa wao waliendelea kuja.

Nikahamia kwenye majivu. Hayo hayana mgao, kila jiko linayo. Majivu makavu koa hayataki, yanamshika mwilini, anageuka. Lakini yakilowa tu yanakuwa kama uji, anapita juu yake kama mgeni aliyetandikiwa mkeka. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nachora mstari mpya mlangoni, na kila mvua ya usiku ikaufuta.

Jirani yetu wa upande wa pili ni bibi Mrundi, alikuja kambini mwaka 2015 na wajukuu wake. Yeye akanicheka. "Mwanangu, mdudu huyu ni mlevi." Akanipa machicha ya pombe ya ndizi kwenye kopo, akaniambia nilifukie nje, mdomo wa kopo uwe juu kidogo ya udongo ili wadudu wengine wa heri wasitumbukie. Koa anafuata harufu ya kitu kilichochacha, anaingia kunywa, anazama. Asubuhi nilikuta 11. Mama yangu ni mtu wa kanisa, hakufurahi kuona pombe mlangoni, lakini alikuja mwenyewe kuchungulia kopo akasema, "Mwisho wa ulevi ni huu."

Basi nilikuwa na chumvi, majivu na pombe, nikaua kila usiku, na kila usiku walikuwa wengi vilevile. Mtu anayeteka maji mtoni hamalizi mto. Sikujiuliza chanzo kiko wapi. Ao niseme ukweli, kwa kuwa ukurasa huu ni wangu: nilikipita kila siku nikienda chooni.

Nyuma ya nyumba yetu, kwenye ukuta wa upande wa kitanda, kulikuwa na matofali 400. Mume wangu aliyafyatua kiangazi kimoja, kwa mikono yake, maji ya kukanda udongo tukayabeba mimi na wasichana. Yalikuwa ya chumba cha pili. Tuko saba, binti wa kwanza alikuwa anakwenda miaka 13, na mtoto wa kike akifika hapo hawezi kuendelea kulala chumba kimoja na baba yake na kaka zake. Matofali yalikauka vizuri. Wiki ambayo mume wangu alipanga kuchimba msingi, tukaitwa kwenye mahojiano ya kwenda nchi ya tatu.

Mnaoijua siku hiyo mnajua. Tulivaa nguo za Jumapili. Tulijibu maswali tangu asubuhi mpaka saa tisa, tukarudi tukiwa tumechoka kama watu waliotoka shambani. Jioni mume wangu akayapanga matofali vizuri ukutani, akayafunika kwa shitingi ya zamani. "Tunajengea nani?" akasema. "Mwezi wa tatu hatuko hapa."

Ilikuwa miaka miwili na nusu kabla ya koa wa kwanza. Dosie yetu haikukataliwa, haikukubaliwa. Tukiuliza, tunaambiwa iko kwenye mchakato. Na tangu siku ile nyumba yetu haikuguswa. Nyufa zikifunguka, "tuache, tunaondoka". Mtaro ukijaa matope, "tuache". Hata mimi nilisema hivyo. Nilikuwa nasikia kwamba nikikandika ukuta ule, kuna mtu mahali fulani ataona na kusema: hawa wameshatulia, tuwapeleke wengine.

Yule aliyetufungua macho, ingawa hakujua, alikuwa karatasi.

Mume wangu aliihifadhi barua ya kuitwa kwenye mahojiano katika bahasha, kati ya godoro na ukuta. Haikuwa na kazi tena, siku yake ilikwishapita. Lakini mara kwa mara anaitoa, anaisoma, anaikunja tena. Mwezi wa kwanza aliitoa akakuta kona nzima imeliwa, kingo zake laini, ute umekauka juu ya majina yetu. Kumbe koa anakula karatasi, hasa iliyopata unyevu. Mimi sikujua.

Alikaa kitandani na ile karatasi mkononi muda mrefu. Halafu akasema bila kuniangalia, "Nyumba imekushinda."

Ndiyo siku niliyoongea. Nilimwambia nyumba haijanishinda, nilikesha kwa ajili yake miezi mitatu na watoto wamekula maharage bila chumvi. Nilimwambia aje nyuma. Nikafunua shitingi.

Matofali ya chini yalikuwa yamerudi kuwa udongo. Kati ya tofali na tofali walikuwa wamelala, wakubwa kwa wadogo, wengine wembamba kama uzi. Na chini kabisa, penye tope, mayai yao: vipunje vya duara vinavyopitisha mwanga, vimekusanyika kama chembe za mvua ya mawe zisizoyeyuka. Tulikuwa tumewajengea chumba. Kile ambacho binti yetu alikikosa, wao walikipata, na paa la shitingi juu.

Mume wangu hakusema kitu. Alikwenda kukaa kwa bibi Mrundi mpaka jioni.

Wiki hiyohiyo walipita vijana wa usafi na afya. Kijana mmoja, mpole, akaangalia ule mrundikano akauliza, "Baba, kwa nini hamjaondoa haya matofali muda wote huu?" Mume wangu akatazama chini. Kijana akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini. Ninyi mnaofanya kazi hiyo na mnasoma kijarida hiki, nawaomba msiandike "uvivu". Mkikuta nyumba yenye ufa ambao ungezibwa kwa nusu siku, ulizeni kwanza kama wenye nyumba wanasubiri simu.

Alitusaidia pia, lazima niseme. Alituambia tusiwashike makoa kwa mkono mtupu, na mboga za bustanini tuzioshe jani kwa jani na kuzipika vizuri, maana baadhi ya konokono na makoa hubeba minyoo inayoweza kumletea mtu ugonjwa wa ubongo. Tangu hapo watoto wanawaokota kwa vijiti.

Jumamosi iliyofuata mume wangu aliamka mapema akavua shati. Tulitoa matofali yote. Ya chini tuliyasambaza juani yakavunjika. Ya juu, 230, yalikuwa mazima bado, tukayapanga mbali na nyumba juu ya magogo ili hewa ipite chini. Mayai tuliyamwagia maji ya moto. Kisha tukafanya haya, na nayaandika kwa mpangilio kwa sababu ndiyo yaliyosaidia:

Tulichimba mtaro, umbali wa hatua moja kutoka ukutani, tukauelekeza kwenye mteremko. Tulipandisha udongo miguuni mwa ukuta na kuushindilia ili maji yakimbie nyumba. Lengalenga nilizihamisha mbele, mbali na ukuta. Madumu ya maji, kuni na viatu vya zamani, kila kitu kilichoegemea nyumba, tuliondoa. Zilipokuja siku chache za jua mwezi wa pili, tulikandika nyufa ndani na nje kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majivu, hasa pale ukuta unapokutana na sakafu. Mlangoni nikaweka gunia lililokunjwa, usiku linaziba uwazi, asubuhi nalianika. Kopo la machicha likabaki nje.

Usiku wa kwanza niliwahesabu tisa. Baada ya wiki mbili, watatu. Chumvi sikutumia hata punje.

Kazi hiyo yote ilituchukua siku nne. Siku nne, baada ya miaka miwili na nusu.

Sitaki msomaji afikiri nimekata tamaa ya kuondoka. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, wapo wazazi humu ambao nao walizaliwa humu. Simu ikilia kesho tutavaa tena nguo za Jumapili. Ila nimeona kwamba kusubiri nako kunakula. Kunaanza kwenye kona, polepole, usiku, na wewe uko kitandani unadhani uko salama kwa sababu hujagusa kitu.

Mwezi wa saba, mvua zilipokwisha kabisa, mume wangu alifyatua matofali 200 mengine akachimba msingi. Alipoweka mstari wa kwanza alisema, kama mtu anayejieleza kwa hakimu, "Tukiitwa, tutamwachia bibi na wajukuu zake."

"Sawa," nikamwambia.

Binti wetu mkubwa sasa analala huko na mdogo wake. Ameweka pazia la kitenge. Ile barua iko kwenye mfuko wa nailoni, inaning'inia kwenye nguzo ya paa, kona moja haina. Mara mojamoja koa mmoja anaingia, hasa mvua ikinyesha mfululizo, na watoto wanagombania kijiti cha kumtolea nje. Mama yangu naye amepata neno jipya. Siku hizi anasema mboga zangu zina chumvi nyingi.