Mafuta ya ndimu na jua la Kibondo

Rumeti wangu anaenda TP Kibondo, kabeba kichupa cha mafuta ya ndimu, eti ang'arishe uso. Nimemkatalia! Mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda yana furokumarini: ukipaka halafu jua likakupiga, ngozi inaungua, mabaka meusi yanabaki wiki kadhaa. (Na ubaridi wa kule usimdanganye, jua la milimani ni kali.) Yaliyotolewa kwa mvuke yana nafuu, ila kichupa hakisemi ni yapi. Kunusa sawa, matone mawili kwenye kitambaa. Kasulu mwaka 2020 tulijifukiza maganda ya limau mpaka basi. Harufu ilituliza, korona haikutibika. Kasema atafikiria. Safari Jumatatu, kichupa bado kiko begini.