Bega Lako na Sikio la Mwenzako

Nyakitonto, Kasulu
Juni

Mpwa wangu mpendwa,

 

Umeniuliza uchague breki gani ya mtutu kwa hiyo rifle ya .375 utakayoibeba kwenye kitalu cha uwindaji Moyowosi msimu ukifunguliwa Julai, kwa kuwa teke lake linakuumiza bega. Natanguliza jibu: ukinunua, chukua inayofunguka, uitumie kwenye uwanja wa shabaha tu. Porini nenda bila hiyo.

Teke hilo ni la kweli. Risasi ya .375 H&H ina uzito wa gramu 19 hivi na hutoka kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde; kila kinachosukumwa mbele hukusukuma wewe nyuma, karibu mara mbili ya teke la rifle ya .30-06. Na kushuka chini ya .375 huwezi, maana kwa nyati ndicho kipimo cha chini tunachokubaliwa.

Breki ni kipande cha chuma chenye matundu, kinachofungwa kwa hesi kwenye mdomo wa mtutu. Gesi ya baruti hugonga kuta za matundu na kutokea ubavuni, ikiuvuta mtutu mbele. Nzuri hupunguza teke kwa theluthi hata nusu. Yenye matundu ya pande mbili ni afadhali kuliko yenye matundu ya kuzunguka, kwani ya chini hukutimulia vumbi ukilala kulenga. Matundu yanayotazama nyuma hupunguza teke zaidi, ila ndiyo yanayorudisha mlio mwingi kwa watu.

Hapo ndipo penye neno langu. Mlio wa rifle ni desibeli 160 hivi, na sikio huweza kuumia kwa mlio wa ghafla wa 140. Breki huwaongezea waliopo ubavuni desibeli 5 hadi 10, na 10 ni nguvu ya sauti mara kumi. Sasa mwangalie mfuata nyayo wako. Amesimika fimbo za kulengea, amechuchumaa hatua moja kutoka kwenye mdomo wa mtutu, mkono mmoja umeshika darubini, macho yako kwa nyati. Hana kidole sikioni, wala hajaziba kwa pamba, kwa sababu masikio ndiyo kazi yake. Kwenye miombo huwasikia ndege wala kupe kabla hajamwona nyati ambaye wametua mgongoni mwake. Kwenye mafunjo ya Moyowosi, ambako huoni mita tano, maji yakichapwa ni yeye atakayekuambia ni upande gani. Bega lako likivilia damu litapona baada ya siku chache. Sikio lake likifa halirudi. Katika miaka yangu ya uaskari wa wanyamapori nimewaona wazee wa kazi hiyo wakistaafu bila kusikia wajukuu wakiwaita, na inaniuma hadi leo.

Kwa hiyo anza na kitako. Kikiwa kirefu au kifupi kwako, hakuna breki itakayokuokoa. Mwombe fundi akipime kwa mkono wako, kisha aweke mpira laini mwishoni. Kishike kikae sawasawa begani, kisiachane nalo. Fanya shabaha ukiwa umesimama, mwili upate kuyumba na teke, kwani ukikaa mezani bega hupokea lote. Jizoeze mkono kwa .22, halafu piga .375 chache kwa siku, uache kabla hujaanza kufumba macho. Masikio yako yazibe kila mara.

Ukiamua breki, hesi ikatwe na fundi wa silaha mwenye leseni, si mfua magobore. Hesi ikipinda, risasi inaweza kugusa chuma. Tena silaha yako iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, usiichezee. Na kila ukiifunga au kuifungua, piga shabaha upya, kwani risasi huhama pale ilipokuwa ikipiga.

Kabla ya Julai, kaa na mfuata nyayo wako, umwambie utapiga bila breki, na mpatane ishara ya yeye kuziba masikio kabla hujafyatua. Mwekee vizibo vyake kwenye bajeti yako kama unavyoweka risasi.

Mungu akutunze.

Mjomba wako