Mkono wa Mtu na Mikono ya Esau

Kwetu mtu akifa ghafla, hata maiti haijaoshwa, utasikia mtu ananong'ona: "Hapa kuna mkono wa mtu." Kila anayesema Kiswahili anajua mkono huo si wa nyama na mifupa. Ni uchawi. Na neno hilo likishasemwa, upelelezi umekwisha.

Nimeufikiria sana msemo huu tangu nimalize The Yiddish Policemen's Union, riwaya ya Michael Chabon ya mwaka 2007. Ni hadithi ya upelelezi wa kale kabisa: mvua, pombe, hoteli chakavu, mpelelezi aliyeachika. Ila mpelelezi ni Myahudi, na mji wake, jinsi ulivyo kitabuni, haupo duniani. Mwaka 1940 Marekani ilijadili kuwapa wakimbizi wa Ulaya makazi Alaska, wazo likafa. Chabon analifufua. Katika riwaya Israeli imesambaratika mwaka 1948, Wayahudi wamejazana Sitka wakiongea Kiyidi, na ruhusa yao ya miaka 60 imebakiza miezi miwili. Sisi wa Afrika Mashariki tusishangae sana: mwaka 1903 Uingereza ilitaka kuwapa ardhi Uasin Gishu, Kenya ya leo.

Basi, Meyer Landsman anaishi Hoteli Zamenhof. Chumba namba 208, kijana mmoja mteja wa heroini anapigwa risasi ya kichwa. Pembeni kuna ubao wa chesi, mchezo haujaisha. Kamba aliyokuwa akifungia mkono ili ajidunge sindano ni ule ukanda wa ngozi ambao Wayahudi huvaa wakisali. Hapo nilifunga kitabu kidogo nikapumua. Maana kijana huyu, tunakuja kuambiwa, ni mtoto wa kiongozi mkubwa wa dini, na tangu utotoni watu walisema akikubariki unapona. Wapo walioamini kwamba yeye ndiye mtu wa kizazi chake, yule anayeweza kuwa Masihi.

Sasa hapo msomaji unakaa mkao wa kusubiri mashetani. Hawaji. Wanaokuja ni watu wazito, wa dini na wa serikali, wenye ng'ombe mwekundu aliyepakwa rangi asijulikane, walio tayari kuiwasha Yerusalemu ili Masihi aharakishwe. Utamu wote sikumalizii. Ila uovu wa kitabu hiki ndio ulionitisha kuliko jini lolote: binadamu anayetenda, halafu anasema ni mbingu zimetaka.

Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu alifariki. Alikuwa amekohoa miezi mitatu, amekonda, jasho linamtoka usiku mpaka shuka linalowa. Msibani hakuna aliyetaja kikohozi. Walitaja mkono wa mtu, na macho yote yakageukia nyumba ya bibi mmoja jirani, mjane, mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni wa miaka sitini. Hawakumgusa, tumshukuru Mungu. Kwingine Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho kama hayo. Lakini wiki ile ile alifungasha vitu vyake akahamia kwa binti yake, na mpaka leo nyumba yake imebaki kuta tu. Hakuna aliyeuliza swali hata moja ambalo Landsman angeuliza: Alianza kuumwa lini? Nani alimpeleka kupimwa?

Katikati ya riwaya Landsman ananyang'anywa kitambulisho cha polisi. Anaendelea peke yake, mfukoni ana kadi tu ya chama cha polisi wa Kiyahudi kiitwacho Mikono ya Esau. Jina linatoka katika kisa cha Isaka kipofu, aliyepapasa mikono ya mwanawe, sauti ikimwambia hivi na mikono ikimwambia vile. Nikacheka peke yangu. Mpelelezi kazi yake si ndiyo hiyo? Waache wengine wasikilize sauti, yeye apapase mikono. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla aliifanya zamani, mwaka 1960, katika Mzimu wa Watu wa Kale: watu wanauogopa mzimu, yeye anamtafuta mtu.

Tofauti ni kwamba Chabon hatufukuzii mzimu wote. Waliobarikiwa na yule kijana wakapona, hatuambiwi walijidanganya. Landsman mwenyewe haamini, lakini hawabezi. Anawasikiliza, anaandika, halafu anarudi kwenye swali lake dogo: ni nani alimfyatulia risasi mtu aliyelala chumba namba 208? Maana hata kama marehemu alikuwa Masihi, bado alikuwa mtoto wa mama fulani, na mama huyo anataka kujua.