Kazi ya Kusikiliza Mtandao

Nilipoanza ufundi wa mitandao Dar es Salaam, intaneti yetu ilishuka kutoka angani. Mkongo wa SEACOM uliwashwa Julai 2009; kabla ya hapo ofisi tulizozihudumia zilitegemea dishi la paani. Setelaiti ikiwa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, hata swali dogo kabisa lilichukua zaidi ya nusu sekunde kurudi na jibu. Chombo chetu kikuu kilikuwa ping, programu aliyoiandika Mike Muuss huko Marekani Desemba 1983. Dirisha lake halikufungwa mchana kutwa. Likijibu, tunashusha pumzi. Likinyamaza, tunabeba ngazi.

Ping inauliza tu, “Upo?” Anayeitika anasema yupo, basi. Jinsi jibu hilo linavyoweza kupotosha niliiona kwenye ofisi moja ya mizigo Kurasini.

Ofisi hiyo ilikuwa ikipoteza intaneti nyakati za mchana, kisha inarudi yenyewe. Ping ya kuelekea ruta, kwenye anwani 192.168.1.1, haikukatika hata mara moja. Kaka mmoja aliyenitangulia kazini akaketi mbele ya seva yao ya Linux, akaandika `ip -ts monitor neigh`.

“Usiulize kitu, dogo,” akaniambia. “Iache iseme yenyewe.”

Amri hiyo huonyesha mabadiliko kwenye orodha ya majirani, yaani kila anwani ya IP na anwani ya kifaa chenyewe kinachoitumia. Asubuhi ilipita na mistari ya kawaida: jirani anathibitishwa, anachakaa, anathibitishwa tena. Baada ya adhuhuri ukaja mstari tuliokuwa tunaungoja. Anwani ilikuwa ile ile, 192.168.1.1, lakini kifaa kilikuwa kingine. Hata tarakimu za mwanzo, zinazomtambulisha mtengenezaji, hazikuwa za ruta yetu.

Vifaa viwili vilikuwa vinaitikia anwani moja. Ndiyo maana ping haikukatika: kila mara alikuwepo wa kuitika, ila huyu wa mchana hakuwa na njia ya kwenda nje.

Tuliifuata ile anwani ya kifaa kwenye swichi mpaka tundu la ukutani katika chumba cha nyaraka. Mama mmoja alikuwa ameleta kiruta cha Wi-Fi kutoka nyumbani, anakiwasha muda wa chakula.

“Shikamoo mama. Hiki ni chako?”

“Marahaba wanangu. Ni changu. Huku nyuma simu haishiki kabisa.”

Alikuwa na haki. Hatukumnyang’anya. Tulikipa kiruta anwani nyingine, tukakizuia kisigawe anwani kwa wengine, tukakiacha kimpelekee mawimbi. Mpaka leo naona huo ndio ufundi: kujua hasa kilichobadilika, ili usimwadhibu mtu mwenye shida ya kweli.

Tangu hapo nilijifunza kwa bidii jinsi ile `ip monitor` ya kaka inavyofanya kazi. Ni sehemu ya iproute2, kazi ya Alexey Kuznetsov, lakini habari zenyewe hutoka ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Kerneli ndiyo ya kwanza kujua kuwa kebo imechomoka, anwani imeongezwa au njia imefutwa. Ikishajua, hupiga mbiu kupitia netlink, mfereji wake wa habari, na programu yoyote iliyojiunga hupokea. Pasipo habari, programu hulala na haitumi chochote kwenye waya. Kwa hiyo kebo ikikatika kwa sekunde mbili itanaswa, ilhali skripti inayouliza kila dakika yaweza isione kitu.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile `-ts`, inayoweka saa kwenye kila mstari. Kwa saa hizo nimeweza kulinganisha rekodi yangu na daftari la jenereta na kuonyesha kuwa swichi ilizimika umeme ulipohamishwa, tena kwa kuwa haikuwa na betri ya akiba. Pale penye hitilafu wakati mashine inawaka, natumia `rtmon`, ambayo huanza kurekodi mapema. Baadaye faili lake nalisoma kwa `ip monitor file`.

Ila mbiu hii hutangaza habari za mashine yake tu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipoharibika baharini na intaneti ikadorora nchini, skrini kwenye ofisi za wateja wangu hazikuonyesha badiliko lolote. Kebo zilishika, njia ya kutokea nje ilikuwepo, jirani aliitika. Simu zililia, kila mmoja alitaka ruta izimwe na kuwashwa upya. Nilikataa. Rekodi ilionyesha kuwa nyumbani hakuna kilichosogea, na kuzima vifaa vizima kungeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Niliuliza nje kwa ping na traceroute, nikaona safari zinaishia mbali, baada ya kumpita mtoa huduma wetu. Nikawaandikia wateja: hitilafu iko nje, msiguse ruta, kazi zisizohitaji intaneti ziendelee, na anayelazimika kutuma nyaraka za forodha aanze na zile za meli iliyokwisha kufunga gatini.