Darubini ya Mfukoni

Jicho la mwanadamu lina upungufu mwingi na tamaa nyingi. Hutaka kuona lisipoweza kufika, na kwa sababu hiyo watu wamelitafutia msaidizi tangu zamani. Mwaka 1608 Hans Lippershey, fundi wa miwani wa Uholanzi, aliomba hati ya kulinda chombo cha kutazamia vitu vya mbali. Mwezi wa Januari 1610 Galileo alielekeza chombo cha namna hiyo angani, akaona miezi minne ya Mshtarii. Leo mjukuu wa chombo hicho, mwenye macho mawili, hukaa katika mfuko wa shati.

Udogo wa darubini hii ni fadhila yake ya kwanza. Darubini kubwa huchosha shingo, na mwenyewe huanza kwa kuipenda akaishia kuiacha nyumbani. Ile ya mfukoni, ambayo aghalabu ina uzito wa gramu 200 hadi 350, humfuata mwenyewe shambani, jahazini na safarini. Darubini iliyobaki kabatini haikuzi kitu. Walakini udogo huo huo ni mtihani kwa fundi. Kosa jembamba kama unywele, katika kuweka vioo au kulinganisha macho mawili ya chombo, huonekana upesi katika umbo dogo. Kwa hiyo darubini ndogo iliyo njema ni kazi ngumu kuifanya, na darubini ndogo iliyo mbovu ni mbovu kweli kweli.

Mnunuzi hukutana kwanza na tarakimu mbili, kama 8 x 20, 8 x 25 au 10 x 25. Ya kwanza ni kadiri ya kukuza. Ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Wengi huvutwa na ya kwanza, wakidhani mwenye kukuza zaidi huona zaidi. Lakini kinachokuza ndege hukuza na mtetemeko wa mkono pia. Tena, ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza hutoa upana wa mwali wa nuru uingiao jichoni. Darubini ya 8 x 25 hutoa mwali wa milimita 3 na kidogo; ya 10 x 25 hutoa milimita 2 na nusu tu. Mchana mweupe mboni ya jicho hufunguka kiasi cha milimita 2 au 3, basi zote mbili humtosha mtazamaji. Gizani mboni ya kijana huweza kufika milimita 7, na hapo mwali mwembamba humwacha na njaa ya nuru. Mboni ya mzee haifunguki sana hivyo. Kwa sababu hii mzee hupoteza kidogo kuliko kijana anapoiacha darubini kubwa na kuchukua ndogo.

Hesabu hii huonekana wazi katika pwani ya Kenya, karibu na Watamu, ambako hori la Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke ni majirani. Maji yanapokupwa Mida, matope hujaa ndege wahamao kutoka nchi za kaskazini, nao husimama katika nuru kali. Pale darubini ya mfukoni haina aibu mbele ya kubwa. Lakini ndani ya msitu hukaa bundi mdogo wa Sokoke, asiyefika urefu wa sentimita 20, ambaye mchana hujibanza katika kichaka na kufanana na jani kavu. Katika kivuli kile kioo cha milimita 32 hupokea nuru zaidi ya mara mbili na nusu ya kile cha milimita 20.

Afikiriwe kijana aongozaye wageni katika msitu ule, mwenye fedha za kununua darubini moja tu. Kwake chombo hiki si pambo. Akitaja jina la ndege asiyemwona vema, mgeni huliandika daftarini, na kosa la jicho likawa ushahidi wa uongo. Kijana huyu afadhali achukue 8 x 32, japokuwa haingii mfukoni. Lakini mwenzake afanyaye kazi horini, au mwalimu atembeaye na wanafunzi mchana, hatakosea kwa 8 x 25. Uchaguzi wa haki huanza kwa kujua mahali na saa ya kutazama.

Baada ya tarakimu huja vioo vyenyewe. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha kiasi cha nuru 4 katika 100. Nuru ikipita nyuso 10 za namna hiyo, karibu theluthi moja hupotea njiani. Mwaka 1935 Alexander Smakula, katika kampuni ya Zeiss, alivumbua utando mwembamba wa kuzuia hasara hiyo. Mnunuzi na ainamishe darubini chini ya taa: kioo chenye utando mwema huonyesha kivuli hafifu cha kijani au zambarau, kilicho kitupu humeta weupe kama dirisha. Kile chenye wekundu wa akiki, ambacho wachuuzi hukisifu sana, aghalabu hutupa nje rangi nyekundu iliyotakiwa kuingia ndani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena aielekeze kwenye ukingo wa paa ulio mbele ya anga nyeupe. Rangi za upinde zikizagaa ukingoni, vioo si vya daraja la juu. Asitazame jua kamwe, kwa maana jicho lililoungua halinunuliwi. Aishike mbali na uso na kutazama miduara miwili ya nuru. Iwe mviringo kamili. Atazame kitu kimoja kwa dakika chache. Macho yakiuma au kitu kikawa viwili, macho ya chombo hayakulingana. Avaaye miwani atafute darubini impayo nafasi ya milimita 15 au zaidi kati ya jicho na kioo, la sivyo ataona sehemu tu ya mandhari. Na kwa mtu wa pwani, chombo kilichozibwa na kujazwa nitrojeni kina thamani ya pekee, maana unyevu huzaa kuvu, na kuvu hula utando wa kioo.

Bei ya darubini njema ni chungu, na mwenye mapato madogo ana haki ya kusita. Lakini ile ya bei ya chini mno humlipisha mwenyewe kila siku kwa maumivu ya kichwa na mashaka, mpaka akaiacha na kununua nyingine. Heri kungoja miezi michache kwa jicho tupu, ambalo halidai kuona lisiloliona, kuliko kutembea na chombo kinachomfundisha mtu kukisia.