Kiwanja cha Nala na siri yangu ya miaka saba

Wenzangu mlio kwenye ndoa mtanielewa. Kuna siri za mapenzi na kuna siri za hela. Ya kwanza sina, namshukuru Mungu. Ya pili nilikaa nayo miaka saba, ikanitoka usiku mmoja wa Desemba 2023, hapa hapa Kizota, umeme umekatika na mvua inapiga bati.

Nina duka la nafaka. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli kweli, biashara ilichangamka. Vyumba vya kupanga vikawa dili, na kila aliyekuwa na vijisenti akawa anatafuta kiwanja. Mume wangu, Baba Neema, ni mwalimu, na kwake uwekezaji maana yake ni ardhi, basi. Mwaka 2014 alikuwa ameshanunua kiwanja Nala kwa 3,500,000. Hakuna mgeni aliyewahi kunywa chai kwetu bila kuhadithiwa kiwanja hicho.

Mimi sina ugomvi na ardhi. Ila ukiwa na shida ya laki mbili, huwezi kumega kona ya kiwanja ukauza. Kwa hiyo Januari 2017 nilianza kununua vipande vya UTT, Mfuko wa Ukwasi, 50,000 kila mwezi kwa simu. Sikumwambia mtu. Sababu? Mama yangu alikuwa na kopo lake la akiba, baba akalijua, akaazima, na zile hela zikaenda kuezeka nyumba ya mwanamke mwingine. Nilikuwa darasa la tano. Tangu siku hiyo nikajiapiza kwamba mume atajua kila kitu changu isipokuwa ninapoweka akiba. Baba Neema hajawahi kunifanyia ubaya wa namna hiyo, lakini hofu ya utotoni haiulizi uliyeolewa naye ni nani.

Sasa hiyo Desemba. Duka langu mwaka ule lilikadiriwa kodi ya 1,200,000, yaani 300,000 kwa awamu. Awamu ni nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tulikuwa tumekubaliana mimi niuze duka, yeye ashughulike na kodi, maana foleni mimi zinanishinda. Machi akalipa. Juni akalipa. Septemba mama mkwe akaugua, hela ikaishia kwenye dawa na nauli. Hakuniambia. Mbaya zaidi, kichwani mwake aliamini mwaka wa kodi umeshaisha Juni, kwa vile bajeti ya Serikali inasomwa Juni, kwa hiyo hilo deni lingesubiri. Najua wengi wenu mna mawazo hayo hayo. Mwaka wa Serikali ndio unaoanza tarehe 1 Julai. Wa mapato ya mimi na wewe unafungwa tarehe 31 Desemba, na Juni inayofuata ni ya kupeleka ritani kwa wale wanaotakiwa kuipeleka.

Basi tumekaa gizani, akasema, "Mama Neema, nimepata mteja wa kile kiwanja. Anatoa milioni tisa, ila anataka tumalizane kabla ya Krismasi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nala? Ndipo akanifungukia yote: awamu mbili zinadaiwa, 600,000 bado riba ya kuchelewa, dawa za mama, na Neema anaingia kidato cha kwanza Januari. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Nami nikanyamaza kimya, simu yangu mfukoni ina zaidi ya milioni sita. Jamani, hukumu ya dhamiri ni mbaya.

Asubuhi nikaenda kwa jirani yetu mmoja mhasibu. Alichukua mfuko wa khaki akapiga hesabu juu yake. Milioni tisa toa 3,500,000, faida ni 5,500,000. Kwa mkazi, kodi ya faida ya kuuza kiwanja ni asilimia 10, yaani 550,000, na inalipwa kabla hati haijahamishwa jina. "Risiti za kupima na za uzio mnazo?" aliniuliza. "Gharama hizo zingeondolewa kwenye faida." Tulikuwa na risiti moja tu, ya misumari.

Yaani mume wangu alikuwa anauza kiwanja alipe kodi ya 600,000, na papo hapo anazaa kodi nyingine ya 550,000! Na mnunuzi anayekuwekea masharti ya Krismasi ameshajua umebanwa. Hiyo milioni tisa ilikuwa bei ya shida.

Jirani akauliza tena, "Hamna kitu kingine? Hisa, hatifungani, vipande?" Nikaangalia chini. Akaendelea tu, nadhani alishaelewa. Ukiuza vipande, faida yake haikudai kodi. Hisa za soko la Dar es Salaam, kwa sisi wenye hisa kiduchu, faida ya kuuza nayo haitozwi, ila gawio linakuja limeshakatwa asilimia 5. Hela ya benki ya muda maalumu, riba inakatwa asilimia 10. Hatifungani za Serikali za miaka mitatu na kuendelea, riba yake haiguswi. Akanichekesha kwamba Marekani, Desemba ikifika watu huuza hisa zilizowatia hasara ili kupunguza kodi. Sisi ujanja huo hautusaidii. Kinachotusaidia Desemba ni kujua uuze kipi na usiguse kipi, na kukusanya risiti zako kabla panya hawajazifikia. Tena akasema mauzo yangu yalipodorora katikati ya mwaka ningeweza kupeleka makadirio mapya, awamu zikapungua. Hilo lilinichoma, kwa sababu daftari la mauzo ninaandika mimi mwenyewe.

Usiku nikamwambia Baba Neema. Nilimwonyesha simu, nikamwachia asome mwenyewe. Alisoma muda mrefu. Nilijiandaa kwa makelele, nikajiandaa hata kwa kilio. Aliuliza kitu kimoja: "Tangu 2017?" Akaenda kulala akageukia ukutani.

Siku tatu hatukuongea zaidi ya "chakula tayari". Niseme ukweli, siku ya pili nilitamani angeniomba zile hela anipe sababu ya kukasirika. Hakuomba. Siku ya nne nikakuta ametoa lile boksi la viatu lenye karatasi za Nala, barua ya toleo, risiti ya misumari, na karatasi ya hospitali ya mama yake. Amezipanga mezani kama anasahihisha mitihani. Akasema, "Leta na zako."

Nilitoa ombi la kuuza vipande vya 1,500,000. Kwa Ukwasi hela hutoka ndani ya siku tatu za kazi, ila ikumbukeni ile foleni ya sikukuu, msingoje tarehe 24. Tulilipa awamu zote mbili na riba yake, iliyobaki ikaanza safari ya sare na godoro la Neema. Mteja wa Nala alipiga simu mara tano. Baba Neema alimjibu mara ya sita, kwa raha kabisa, kwamba kiwanja hakiuzwi.

Sasa boksi la viatu lina vitu vyetu vyote, na tarehe za awamu nimezibandika nyuma ya mlango wa duka. Mkesha wa mwaka mpya, tunatoka kanisani, akanishika mkono akaniuliza, "Mama Neema, kuna kingine nisichokijua?"

Nikamwambia hapana. Kibubu kiko nyuma ya debe la unga, na hicho hakina kodi.